Fedha Bado Haijashuka

Kuanzia wiki ya pili ya Februari 2025 hadi siku za mwisho za Juni, pikipiki ya zahanati ya kijiji chetu ilikaa chini ya mkorosho ulio nyuma ya nyumba ya muuguzi, na kuku wa jirani akaligeuza kreti lililofungwa nyuma yake, lile la kubebea kasha la chanjo, kuwa kiota. Pikipiki haikuwa mbovu. Ilikosa petroli, na petroli ilikosekana kwa sababu kamati ya usimamizi wa zahanati, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, ilikaa kikao halali chenye akidi kamili na kuamua kwamba isinunuliwe. Nimeulizwa mara nyingi, hasa na wanafunzi wangu wa zamani ambao sasa wanaishi Dar es Salaam na wanasoma habari za misaada kukatwa, kama ni kweli bajeti ya afya huku Mtwara imepunguzwa, nami kila mara nimeshindwa kuwajibu kwa ndiyo au hapana. Nimeona ni afadhali niandike yote kwa pamoja.

Kijiji chetu kiko juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Sitakitaja kwa jina, wala sitaitaja halmashauri yetu, kwa kuwa ninayoyaeleza hayakuzuliwa na ofisi moja na sipendi mtu mmoja abebeshwe. Nilifundisha shule za msingi kwa miaka 33, nikastaafu, na kama ilivyo desturi ya vijijini mwalimu mstaafu hapumzishwi, nikachaguliwa kuingia katika kamati ya zahanati. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, serikali ilipoanza kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za vituo vya kutolea huduma badala ya kuzipitishia halmashauri, kamati hizi zimepata nguvu ambayo hazikuwa nayo: tunapitisha mpango wa mwaka, tunaidhinisha matumizi, na tunabandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo ili kila mwanakijiji ayaone. Ni utaratibu mzuri na nitautetea mbele ya yeyote. Lakini una jambo moja ambalo sikulitambua hadi Februari ile: aliyekabidhiwa fungu la matumizi amekabidhiwa pia, bila kuambiwa, kisu cha kulipunguza.

Bajeti ya serikali ina maisha matatu. Iko iliyoombwa, iko iliyoidhinishwa na Bunge kule Dodoma mwezi Juni, na iko iliyotolewa, yaani fedha iliyofika kweli mahali ilipokusudiwa kati ya tarehe 1 Julai na tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Magazeti huandika kuhusu ile ya pili. Sisi huishi kwa ile ya tatu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeeleza mara kwa mara juu ya fedha zilizoidhinishwa ambazo hazikutolewa au zilitolewa kwa kuchelewa, na kwa hiyo hakuna ninachofichua hapa. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba mkato wa namna hii hauna siku ya kuzaliwa. Hakuna waziri anayesimama na kusema kuanzia leo watoto wa vitongoji fulani hawatafuatwa na chanjo. Tarakimu iliyoidhinishwa inabaki kitabuni ikiwa nzima, na mtumishi anayeulizwa, kuanzia wilayani hadi kwenye dirisha la zahanati, anajibu kwa upole kwamba fedha bado haijashuka.

Neno hilo, kushuka, limenikaa kichwani. Huku kwetu kinachoshuka ni mvua, na maji ya mvua ndiyo tunayoyakinga kwenye visima vya saruji ili yatufikishe hadi Novemba. Mtu anayengoja mvua hamdai mtu. Anatazama mawingu, anapunguza matumizi ya maji, anaomba dua. Sijui nani alikuwa wa kwanza kuzungumza juu ya fedha za umma kwa lugha hiyo, lakini alitupa bila kukusudia kitulizo kikubwa, kwa kuwa tangu hapo tumejifunza kungoja fungu lililopitishwa kwa sheria kana kwamba tunangoja mvua.

Kwa nini fungu letu ndilo huchelewa? Kwa sababu fedha ya serikali ina foleni, na zahanati haiko mbele. Ibara ya 141 ya Katiba inalidhamini Deni la Taifa kwa Mfuko Mkuu wa Hazina, kwa hiyo wakopeshaji hulipwa kwanza. Mishahara hufuata, na hapo sina ugomvi, maana nimekula mshahara huo miaka 33. Kinachobaki ndicho hugawanywa kwa miradi na kwa kile kinachoitwa matumizi mengineyo, na jina lenyewe linaonyesha heshima yake: mafuta, posho za safari za kikazi, karatasi, rejesta, usimamizi elekezi. Mapato yakipungua katikati ya mwaka, matumizi mengineyo ndiyo huumia, kwa kuwa hayana mkataba wala chama cha wafanyakazi. Mtu aliyeko mbali husikia maneno hayo akadhani ni chai ya maofisa. Katika huduma ya afya ya msingi, matumizi mengineyo ndiyo miguu. Muuguzi analipwa na chanjo ziko kwenye jokofu, lakini kitongoji kiko kilometa kumi na moja.

Zahanati yetu ina mifereji minne ya mapato na yote ni myembamba. Wa kwanza ni Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambao serikali na wafadhili wameuchangia tangu mwaka 1999, na ambao baadhi ya nchi zilizouchangia miaka ya mwanzo zimekwisha kujitoa. Wa pili ni papo kwa papo, yaani anachotoa mgonjwa mwenyewe dirishani. Wa tatu ni CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo wakati ule ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na ambayo wanakijiji walikuwa wakijiunga nayo kwa wingi baada ya malipo ya korosho na kuisahau ifikapo kiangazi. Wa nne ni bima ya watumishi, ambayo kwetu ina maana ya walimu, watendaji na familia zao. Sasa mtazame anayekuja dirishani. Ni mjamzito, ni mtoto wa chini ya miaka mitano, ni mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza, na wote hao Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawapa msamaha wa kuchangia. Msamaha ni haki yao na sitaki uguswe. Ila hakuna anayeilipa zahanati gharama ya kuwahudumia, kwa hiyo kadiri tunavyofuata sera vizuri ndivyo mfuko wetu unavyokauka, na zahanati inayotoza wasiostahili kutozwa ndiyo inayoonekana kuwa na hesabu nzuri.

Halmashauri nayo ilikuwa ikitusaidia kwa mapato yake ya ndani, na mapato ya ndani ya kusini maana yake ni ushuru wa korosho. Ushuru wa mazao ya biashara ulikuwa asilimia 5 hadi mwaka 2017 uliposhushwa kuwa asilimia 3. Mkulima alishangilia, na mimi nikiwa na ekari zangu tatu za mikorosho nilishangilia pia, bila kujiuliza kile kilichotolewa mfukoni mwa halmashauri kilikuwa kikinunua nini. Mwaka uliofuata Bunge likabadilisha sheria ya ushuru wa kuuza korosho ghafi nje ya nchi, ili sehemu iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao iingie moja kwa moja Mfuko Mkuu. Wabunge wa kusini walipiga kelele sana mwezi ule wa Juni 2018. Nakumbuka tulisikiliza redio darasani baada ya wanafunzi kuondoka. Haikuwa fedha ya afya, lakini wilaya inayotegemea zao moja haina ukuta kati ya pembejeo na paracetamol.

Nirudi kwenye kikao. Tulikutana siku ya Alhamisi, watu saba kwenye mabenchi mawili ya ukumbi wa kungojea, baada ya wagonjwa kwisha. Mganga mfawidhi, kijana mwenye adabu ambaye hajafika miaka thelathini, alisoma salio la akaunti, kisha akasoma mahitaji ya miezi mitatu ambayo fedha yake haikuwa imeshuka. Dawa muhimu tulikwisha kuziagiza Bohari ya Dawa na hazikuwa na mjadala. Yalibaki mambo matatu, na salio lilitosha mawili. La kwanza lilikuwa maji. Kisima chetu cha mvua kina ufa, na kwa miezi kadhaa ya mwaka zahanati hununua maji kwa madumu ya lita ishirini kutoka kwa vijana wa baiskeli. Bila maji hayo mama anayekuja kujifungua huambiwa aje na madumu yake mawili, na jamaa zake wanaoyabeba kichwani usiku ni wanawake. La pili lilikuwa ujira wa mlinzi, mtu mzima mwenye familia, ambaye tulikuwa tumeshamkopa mwezi mzima. La tatu lilikuwa petroli ya huduma za mkoba, yaani safari za kila mwezi za muuguzi kwenda vitongoji vya mbali kupima watoto uzito, kuchanja na kuwaona wajawazito.

Sikumbuki kikao kilichokuwa kimya kama kile. Mama mmoja mjumbe alisema maji hayakatwi, kwa kuwa yeye mwenyewe alimpeleka binti yake kujifungua na anajua sakafu ilivyokuwa asubuhi. Hakuna aliyembishia. Mjumbe anayewakilisha wazee akasema mlinzi akiondoka, betri za sola zitaondoka siku ya pili. Hilo nalo lilikuwa kweli. Ukabaki mkoba. Nilitazama mabenchi yale nikagundua kwamba kati yetu saba hakuna anayetoka vitongoji vya bondeni, kwa sababu mtu wa bondeni akija kikaoni hulala njiani, na kwa hiyo hachaguliwi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikauliza nani anaunga mkono kusimamisha huduma za mkoba hadi fedha itakaposhuka, na mkono wangu mwenyewe ukawa wa kwanza kunyanyuka. Katika muhtasari tuliandika "kuahirisha". Mganga ndiye aliyependekeza neno hilo, nami nikalipitisha, ingawa miaka yote ile niliwafundisha watoto tofauti ya maana kati ya kuahirisha na kuacha.

Tarehe za wakati ule zinachanganya watu, kwa hiyo nizipange. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye miradi iliyokuwa ikiendeshwa kwa fedha ya shirika lao la USAID ikaambiwa isimamishe kazi. Shirika lenyewe lilifungwa rasmi tarehe 1 Julai. Mwezi Februari Uingereza nayo ikatangaza kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 hadi asilimia 0.3 ya pato lake la taifa ifikapo 2027. Petroli yetu haikuwa ya Mmarekani, na wanaosema kila kilichokwama mwaka ule kilikwamishwa na Washington wanaipa serikali yetu udhuru ambao haiustahili. Hata hivyo pigo la Marekani lilionekana kata ya jirani, kwenye kliniki ya tiba na matunzo ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Dawa zenyewe hazikukatika pale. Walioondoka ni watu: mtunza takwimu na waelimishaji rika waliokuwa wakilipwa na mradi, ambao kazi yao ilikuwa kumfuata nyumbani kwa siri mgonjwa aliyekosa kuja kuchukua dawa. Tangu mwaka 2003 Marekani ilipoanzisha mpango wake mkubwa wa UKIMWI, kazi hiyo nyingi ilifanywa kwa mikataba ya miradi na haikuingizwa katika ikama ya serikali. Ukiisha mkataba, mgonjwa mtoro anabaki kuwa jina kwenye rejesta.

Kwa haki niseme kwamba bajeti ya 2025/2026 ilikuja na tozo mpya za kugharimia mapambano dhidi ya UKIMWI na bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023. Hilo ni jambo la maana, na ni la ukweli zaidi kuliko ahadi ya Abuja ya Aprili 2001, ambapo viongozi wa Afrika walikubaliana kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya na ambayo nchi yetu, kama nyingi nyingine, haijaifikia. Tozo yenye jina la shughuli yake ni afadhali. Unaweza kuiuliza iko wapi.

Mwezi Mei niliteremka bondeni kwa mguu, upande ule ule wa ukingo ambako wageni wa Newala hupelekwa kuangalia Shimo la Mungu na mto Ruvuma kwa mbali. Nilikwenda msibani. Baada ya maziko nikapita kumsalimu bibi mmoja aliyemsomesha mwanawe kwangu, ambaye sasa analea mjukuu, kwa kuwa mama wa mtoto anafanya kazi za ndani Dar es Salaam.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Kliniki tumeikosea nini hata isitufuate tena?"

Nikamwambia fedha haijashuka. Alinitazama muda mrefu, akacheka kidogo, akauonyesha ukingo kwa kidevu.

"Sisi ndio tuko chini kuliko wote, Mwalimu. Kama ingekuwa inashuka, si ingefika kwetu kwanza?"

Kisha akanieleza, bila hasira, mambo ambayo kamati yangu haikuyapigia hesabu. Mjukuu alitimiza miezi 18 mwezi Machi, umri wa dozi ya pili ya surua na rubela. Bibi akambeba mgongoni akaupanda mlima, akafika zahanati saa tano, akaambiwa arudi siku ya chanjo. Muuguzi hakuwa mkorofi. Kichupa cha chanjo hiyo kina dozi kumi, na kikishachanganywa na maji yake hutakiwa kutumika ndani ya saa sita au kumwagwa, ndiyo maana watoto hukusanywa siku moja. Huduma ya mkoba ilikuwa ikilitatua hilo kwa kumfuata bibi na wenzake tisa pale walipo. Bila mkoba, chanjo ile ile na muuguzi yule yule walikuwapo, na mtoto akarudi bila kuchanjwa. Bibi hakupanda tena. Magoti, alisema.

Lililofuata ndilo lililonifanya nishindwe kumaliza chai. Kaya ya bibi ilikuwamo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao ulikuwa ukilipa kila baada ya miezi miwili, na sehemu ya malipo hayo ilikuwa na masharti: wa shule ahudhurie masomo walau asilimia 80, na wa chini ya miaka mitano ahudhurie kliniki. Mahudhurio ya kliniki yanajazwa na zahanati. Zahanati ilijaza ukweli, kwamba mtoto hakuonekana, na siku ya malipo bibi akakuta fungu lake limepungua. Kwa hiyo mimi na wenzangu tulipookoa petroli ya miezi minne tulikuwa pia, kwa mkono wa fomu ambayo hatukuiona, tumemkata bibi yule fedha ya unga. Ofisi mbili za serikali moja zilifanya kazi yake sawasawa na kwa mujibu wa taratibu, na makali yote yakaangukia nyumba moja.

Nilikuwa mwalimu kijana uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanzishwa mwaka 1993, matokeo ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yaliyofikiwa mwaka 1986. Sikuupenda na siupendi. Lakini ulitangazwa redioni, ukawa na tarehe, watu wakaulalamikia kwa jina, na makundi yaliyoumizwa yakapata msamaha kwa sababu yalijulikana ni yapi. Aliyeukataa alijua anakataa nini. Bibi wa bondeni anakataa nini?

Niliporudi nilifanya jambo dogo. Kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya safu ya mapato na safu ya matumizi, nikaongeza kwa mkono wangu safu ya tatu: yaliyoachwa kufanywa. Nikaandika safari za mkoba za Februari, Machi, Aprili na Mei, vitongoji vinne kwa majina yake, na chini yake uamuzi wa kamati, tarehe, na jina langu. Baada ya siku tatu mkubwa mmoja aliyepita kukagua akashauri iondolewe, akisema fomu rasmi ina safu mbili. Nilimjibu kwa heshima kwamba fomu rasmi nimeiacha ilivyo, safu hii ni yangu. Ipo mpaka leo, ingawa mvua ya upepo imefifisha mstari wa Machi.

Fedha ya robo ile iliingia tarehe 23 Juni, siku saba kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Muuguzi alihamisha mayai tisa kutoka kwenye kreti kwenda kwenye ungo, kuku akapiga kelele sana, na tarehe 26 pikipiki ikashuka bondeni na kasha la chanjo. Mimi nilitangulia kwa mguu alfajiri. Chini ya mwembe walikusanyika watoto 17, wengi wakiwa wamepitwa na miezi ya kadi zao, na muuguzi akafungua vichupa viwili. Mjukuu wa bibi alilia kabla hajaguswa. Bibi alimfunga kanga mgongoni, akaipokea kadi, akaniuliza kama mwezi ujao wangoje siku ile ile. Nilimwambia petroli iliyopo inatosha safari mbili.

"Baada ya hizo mbili?" akauliza.

Nikamwambia nitakuja mwenyewe kumweleza, kwa mguu.